Unauza spea za injini ya boti mtandaoni? Jifunze kwanza kuchagua kitabu chake



Leo tuongelee kitabu cha matengenezo ya injini. Wengi tunakiona ni mali ya fundi, kinakaa gereji kimejaa grisi. Mimi nasema hivi: kama unauza spea kwa simu, kitabu hicho unakihitaji wewe kuliko fundi. Fundi ana injini mbele yake. Anaifungua, anatoa spea iliyokufa, anailinganisha na mpya. Wewe huna injini. Wewe una meseji ya WhatsApp inayosema "bosi una impela ya Yamaha 15?" na picha iliyopigwa jioni, haionekani kitu.

Duka langu liko Tindiga, wilaya ya Kilosa. Anayepajua anajua huku ni mpunga, mahindi na ng'ombe, bahari iko mbali. Nilianza na spea za pampu za maji na pikipiki kwa sababu ndizo mashine za huku. Wateja wa boti wameletwa na mtandao. Mtu yuko Kilwa, mwingine Mafia, mwingine Ukerewe, anaona tangazo langu la plagi na ringi, anauliza na za boti. Sijasomea ufundi na nimeishia kidato cha nne. Nilichojua nimekitoa kwenye vitabu hivi, ndiyo maana naona nikuelekeze unavyovichagua.

Kwanza, kwa nini kitabu ni hela

Piga hesabu. Tuseme impela umeiuza 35,000. Mzigo wangu unatoka hapa kwa bodaboda mpaka Kilosa mjini, unapanda basi mpaka Msamvu, Morogoro, hapo unahamia basi lingine kwenda kwa mteja. Tuseme usafiri wote ni 10,000. Impela ikifika haiingii, inarudi kwa njia ileile na 10,000 nyingine, kisha unatuma sahihi kwa 10,000 ya tatu. Jumla 30,000 za usafiri kwa spea ya 35,000. Hapo faida imeliwa na mtaji umeguswa. Na masika barabara zikijaa maji, mzigo unaweza kulala njiani siku kadhaa na mteja anaanza kukuita tapeli.

Hiyo ni hela yako. Sasa angalia upande wa mteja. Impela ni kile kipira chenye mabawa kinachovuta maji ya kupoozea injini. Kikichoka au kikiwa siyo chake, maji hayapandi, injini inachemka, inanoki. Pikipiki ikizimika unashuka unasukuma. Boti ikizimika katikati ya ziwa hushuki. Mnakaa na upepo unawapeleka unakotaka wenyewe. Kwa hiyo unapomwambia mtu "hii ndiyo yake kaka, tuma hela," jua unaongea na watu waliopanda ile boti, siyo na yeye peke yake.

1. Vitabu viko vitatu, usichanganye

Ukitafuta kitabu cha injini utakutana na aina tatu. Watu wengi wanapakua cha kwanza wanachokiona, halafu wanalalamika kwamba hakina wanachokitafuta.

*Kitabu cha mtumiaji.* Hiki kinakuja na injini ikiwa mpya. Kinaeleza kuwasha, kuzima, kuchanganya oili, aina ya plagi, muda wa kubadilisha oili ya gia, na jinsi ya kusafisha injini baada ya kutumika kwenye maji ya chumvi. Hakikufundishi kufungua injini. Uzuri wake ni chepesi, na makampuni makubwa wanakitoa bure kwenye tovuti zao.

*Kitabu cha fundi.* Hiki ndicho chenyewe cha matengenezo. Ndani kuna hatua za kufungua na kufunga, vipimo vya nafasi kati ya vyuma, nguvu ya kukaza kila bolti, mchoro wa nyaya, na jinsi ya kutafuta ugonjwa. Ni kinene, na mara nyingi kinauzwa.

*Katalogi ya vipuri.* Hii haina maelezo ya ufundi. Ina michoro ya injini iliyopasuliwa vipandevipande, kila kipande kina namba, na pembeni kuna jedwali la namba za spea.

Sasa swali la mfanyabiashara: nianze na kipi? Anza na katalogi. Wewe kazi yako ya kwanza ni kutuma spea sahihi, na katalogi ndiyo inayojibu "ya injini hii ni namba gani?" Cha pili, kitabu cha mtumiaji, kwa sababu ni cha bure na kinajibu maswali mengi ya wateja kuhusu oili na plagi. Kitabu cha fundi kinunue ukishaona aina hiyo ya injini inakuletea wateja wa kudumu. Usinunue vitabu kumi vya injini ambazo hujawahi kuulizwa hata mara moja.

Kuna kitu nimekijua kupitia pampu za huku kwetu. Pampu ya Honda WB30XT, ile ya inchi 3, imefungwa injini ya GX160. Ile ya inchi 2, WB20XT, imefungwa GX120. Mtu akipakua kitabu cha pampu tu, anapata habari za sili ya maji na vali ya maji, ila ndani ya injini hakuna kitu. Injini ina kitabu chake peke yake. Kwa hiyo kabla hujatafuta, jiulize: tatizo liko kwenye injini, au kwenye kitu kilichofungwa kwenye injini? Kwenye boti pia ni hivyo. Tangi la nje, mpira wa mafuta na usukani vinaweza kuwa vya kampuni nyingine kabisa, usivitafute kwenye kitabu cha injini.

2. Chagua kwa kibao, siyo kwa nguvu ya farasi

Hapa ndipo pesa nyingi inapopotea. Mteja anasema "Yamaha 40." Hiyo haitoshi. Kuna Yamaha 40 ya mipigo miwili, ile unayochanganya oili na petroli, na kuna ya mipigo minne ambayo ina oili yake chini kama gari. Zote ni 40, zote zimeandikwa Yamaha kwenye kava, na ndani ni mashine mbili tofauti. Gasketi ya moja haikai kwenye nyingine, na kitabu cha moja hakikusaidii kwa nyingine.

Jibu liko kwenye kibao. Kwenye injini za Yamaha, kibao au stika ya namba iko kwenye ile bano inayoshika ubao wa nyuma wa boti, upande wa kushoto ukiwa umekaa ndani ya boti unatazama mbele. Pale kuna vitu vinne: jina la modeli, kodi ya modeli, urefu wa mguu na namba ya injini. Mwambie mteja apige picha hiyo. Picha ya kava haina kazi, kava linabadilishwa, linapakwa rangi, linabandikwa stika ya injini nyingine.

Jina la modeli lenyewe linasomeka ukishalizoea. Chukua E40XMHL, injini inayofahamika sana kwa wavuvi wetu:

- E ni Enduro, injini za kazi ngumu.
- 40 ni nguvu ya farasi.
- X ni toleo.
- M ni kuwasha kwa mkono, yaani kwa kamba.
- H ni kuongoza kwa mkono unaoushika, siyo usukani.
- L ni mguu mrefu.

Jina likianza na F, kama F40, hiyo ni ya mipigo minne. Tayari kwa herufi moja umeshajua kitabu gani usikipakue.

Na urefu wa mguu usiuchukulie mzaha. S ni mguu mfupi, kama inchi 15. L ni mrefu, kama inchi 20. Shafti inayoshuka kwenye gia ya mguu mfupi haiwezi kutosha kwenye mguu mrefu. Injini ni ileile, spea siyo ileile.

Tena siyo boti tu. Huku kwenye pampu kuna injini za Kichina zinaitwa 168F. Hiyo 68 ni upana wa silinda kwa milimita. Lakini injini ya 163 na ya 196 zote zinaweza kuwa na silinda ya milimita 68, tofauti iko kwenye urefu wa safari ya pistoni: moja milimita 45, nyingine milimita 54. Mteja akikwambia "nataka kilenki cha 68," na wewe ukamtumia bila kuuliza zaidi, umecheza bahati nasibu. Kipimo kimoja hakitoshi kuitambulisha injini.

3. Jifunze kusoma namba ya spea

Ukishapata katalogi ya injini sahihi, kuna elimu ndogo itakayokufanya uonekane mtaalamu hata kama hujawahi kushika spana.

Namba ya spea ya Yamaha imegawanyika. Angalia hizi: 63V-44352-01 na 689-44352-02. Ona pale katikati, 44352. Zote ni impela. Namba ya katikati inasema kitu chenyewe ni nini. Zile herufi na namba tatu za mwanzo zinasema kitu hicho kilitengenezwa kwanza kwa ajili ya modeli gani. Zile mbili za mwisho zinaonyesha mabadiliko, ikimaanisha kampuni imeboresha kitu hicho na kukipa namba mpya.

Faida yake ni tatu.

Ya kwanza, mteja akikutumia namba iliyofutika nusu, lakini 44352 inaonekana, unajua anatafuta impela.

Ya pili, muuzaji wa jumla Kariakoo akikwambia "01 imekwisha, iko 02," hupaniki na wala hukubali kichwakichwa. Unarudi kwenye katalogi unaangalia kama 02 imechukua nafasi ya 01.

Ya tatu, na hii ni muhimu: zile tatu za mwanzo zisikudanganye. Spea inaweza kuwa imetengenezwa kwanza kwa modeli moja na ikatumika pia kwenye modeli nyingine. Usimkatalie mteja kwa sababu tu namba inaanza tofauti na injini yake, na usimkubalie kwa sababu tu inaanza sawa. Mwamuzi ni katalogi ya injini yake.

Plagi nazo zina lugha yake. B7HS na BPR6ES za NGK zote zina uzi wa milimita 14, kwa hiyo fundi mwenye haraka anaweza kuzungusha zote zikaingia. Lakini H ina maana uzi wenye urefu wa milimita 12.7, na E ina maana milimita 19. Ukiweka ndefu mahali pa fupi, inatokeza ndani ya silinda na inaweza kugongwa na pistoni. Plagi ya elfu chache inaua injini ya mamilioni. Na ukiona B7HS-10, ile 10 ya mwisho ni nafasi ya cheche, milimita 1.0. Aina ya plagi na nafasi ya cheche utavikuta kwenye ukurasa wa vipimo wa kitabu cha mtumiaji, cha bure.

4. Kipime kitabu kabla hujatoa hela

Umepata mtu anauza kitabu cha fundi, cha karatasi au PDF. Usiangalie kava. Mwombe akutumie picha za kurasa hizi:

*Ukurasa wa modeli zinazohusika.* Uko mwanzoni. Kama modeli ya injini yako haijaandikwa pale, kitabu siyo chako. Usidanganywe na neno "zinafanana."

*Yaliyomo.* Kitabu kamili cha injini ya boti kinatakiwa kiwe na sehemu ya mafuta, ya umeme, ya injini yenyewe, ya gia za chini na ya kutafuta ugonjwa. Ikiwa gia za chini hazimo, impela utaisoma wapi?

*Jedwali la kukaza bolti.* Hapo angalia kipimo kilichotumika. Vitabu vya soko la Marekani vinatumia pauni kwa futi, vingine vinatumia nyutoni mita. Pauni-futi 20 ni kama nyutoni mita 27. Fundi akizichanganya, bolti inabaki imelegea au inakatika.

*Mchoro wa nyaya.* Kwenye PDF nyingi zilizopigwa picha kwa simu, ukurasa huu ndio umefifia. Kama huwezi kutofautisha waya na waya, hapo umenunua nusu kitabu.

Halafu fanya jaribio langu. Andika maswali matano ambayo wateja wamewahi kukuuliza kweli kuhusu injini hiyo. Mfano: oili kiasi gani kwenye petroli? Plagi gani? Oili ya gia inaingia kiasi gani? Impela inakaguliwa kila baada ya muda gani? Bolti za hedi zinakazwa kwa mpangilio upi? Mwambie muuzaji akuonyeshe kurasa zenye majibu mawili tu kati ya hayo. Akishindwa, achana naye.

Swali la oili nimeliweka mwanzo kwa makusudi. Kwenye injini za kuchanganya, kitabu kinaandika uwiano kama 50:1 au 100:1. Dumu la lita 20 kwa 50:1 linataka oili mililita 400. Kwa 100:1 ni mililita 200. Sasa chukua mtu mwenye injini ya 50:1 aliyesomewa kitabu cha injini ya 100:1. Anaenda ziwani na nusu ya oili inayotakiwa, na pistoni zinakauka. Injini nyingi mpya pia zinataka oili zaidi kwenye masaa ya mwanzo. Ndiyo maana usimtajie mteja uwiano kwa mazoea, hata kama umesikia mafundi mia wakiutaja. Fungua kitabu cha modeli yake, soma, mpigie picha ukurasa, mtumie.

5. Vitabu vya jumla na injini zinazofanana

Kuna vitabu vya kampuni za uchapishaji kama Clymer na Seloc. Hawa hawatengenezi injini, wanaandika kitabu kimoja kinachochukua modeli nyingi na miaka mingi. Maelezo yao ni ya hatua kwa hatua, yana picha, na kwa mtu wa Kiingereza cha kidato cha nne kama mimi yanaeleweka. Tatizo ni kwamba vimeandikwa zaidi kwa kuangalia soko la Marekani, na injini zinazouzwa huku Afrika siyo lazima ziwe ndizo zinazouzwa kule. Kwa hiyo kwanza angalia orodha ya modeli. Ikiwemo, ni kitabu kizuri cha kujifunzia. Isipokuwemo, kiache hata kama bei ni ya kutupa.

Injini za Kichina zipo nyingi sokoni, na baadhi zinafanana sana na Yamaha za zamani. Mafundi watakwambia "tumia spea za Yamaha, zinaingia." Kuna zinazoingia kweli. Lakini wewe unayetuma mzigo mbali huwezi kuuza neno "zinaingia." Tafuta katalogi ya kampuni ya injini hiyo. Ukiikosa, omba mteja apime spea ya zamani kwa rula au kalipa na apige picha pande zote mbili, halafu linganisha. Hata hapo mwambie mapema: hii nimelinganisha kwa vipimo, siyo kwa namba. Mteja akijua hilo kabla ya kulipa, hamtagombana baadaye.

Na jina la kwenye kava siyo lazima liwe la aliyetengeneza. Mariner za zamani nyingi zilitengenezwa na Yamaha, na injini ndogo nyingi za Mercury zimetengenezwa na Tohatsu. Ukikwama na jina moja, inawezekana kitabu kipo kwa jina la pili. Ila namba ya kwenye kibao ndiyo itakayokuthibitishia.

6. Cha bure, cha kununua, na cha kukuletea kesi

Kabla hujalipa, maliza vya bure. Yamaha wana maktaba ya vitabu vya mtumiaji mtandaoni, na katalogi yao ya vipuri inafunguka bila malipo. Honda nao wanatoa vitabu vya mtumiaji vya injini zao. Vipakue ukiwa na bando nzuri, viweke kwenye folda moja ya simu, na uandike jina la faili kwa modeli: "E40X katalogi," "GX160 mtumiaji." Usiache faili linaitwa "document(7)." Mteja akiuliza saa nne usiku utalitafuta mpaka ahamie kwa mwingine. Na weka nakala sehemu ya pili, simu huwa zinaibiwa.

Sasa kuna biashara nimeona baadhi yetu wanaifanya: kununua PDF moja ya kitabu cha fundi, halafu kuiuza kwa watu hamsini kwa 5,000 kila mmoja. Ndugu zangu, hiyo ni kazi ya mtu. Tanzania tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na COSOTA wapo. Ukiuza nakala bila ruhusa ya mwenye haki unavunja sheria, hata kama uliipata Telegram. Na kibiashara pia haina akili. Unamuuzia mteja kitabu cha 5,000 mara moja, halafu anaenda kununua spea kwa mwingine. Mwenzako anamtumia linki ya bure ya kampuni, anamtajia namba ya spea, na spea ananunua kwake kila msimu.

7. Meseji ya kumtumia mteja kabla ya kupokea hela

Hii nimeiweka kwenye majibu ya haraka ya WhatsApp Business. Nakili, badilisha upendavyo:

"Habari kaka/dada. Ili nikutumie spea sahihi naomba vitu vinne. 1) Picha ya kibao cha namba kilicho kwenye bano ya injini, mchana, kifute vumbi na chumvi kwanza. 2) Picha ya spea ya zamani pande zote mbili, na namba yake kama inasomeka. 3) Niambie kama petroli unachanganya na oili au hapana. 4) Uko wapi na mzigo upande gari gani. Nikishaangalia kwenye katalogi nitakutumia namba ya spea na bei, ndipo ulipe."

Wapo watakaochoka na maswali wakaondoka. Waache. Wengine watakwambia kibao kimeshang'oka siku nyingi. Hapo usikate tamaa. Uliza idadi ya silinda, urefu wa mguu, namna inavyowashwa, plagi inayotumika, kisha omba namba zilizoandikwa kwenye spea yoyote ya zamani. Mara nyingi unaweza kuibana mpaka zinabaki modeli mbili. Zikibaki mbili na huna uhakika, mwambie ukweli, apeleke injini kwa fundi wa karibu athibitishe. Usimchagulie wewe.

Na ukishapata jibu la katalogi, mtumie mteja skrinishoti ya mchoro, zungushia ile spea kwa alama nyekundu, andika na namba. Yeye au fundi wake ataangalia, atasema "ndiyo hii." Hapo mmekubaliana wawili kwa kitu kinachoonekana. Mimi tangu nianze kufanya hivi, mizigo ya kurudi imepungua sana, na mafundi wenyewe wa huko pwani wameanza kunitumia wateja, bila kujua kwamba anayewajibu yuko katikati ya mashamba ya mpunga.

Kwa hiyo wiki hii fanya kitu kimoja tu. Angalia meseji zako za mwezi uliopita, tafuta injini iliyoulizwa mara nyingi kuliko zote, kisha pakua katalogi yake ya bure na kitabu chake cha mtumiaji. Viwili tu. Visome taratibu jioni ukifunga duka, anza na picha. Ukiielewa injini moja vizuri, ya pili haitakusumbua.

Biashara njema.